Kupima umeme wa ubongo: kazi ambayo binti mmoja wa Tanga ameing'ang'ania

Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka kwa baba mmoja wa Tanga. Aliiandika kwa mkono, kurasa tatu, akaanza kwa salamu na dua, kisha akaingia moja kwa moja katika jambo linalomtatiza. Binti yake wa kwanza amehitimu kidato cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na alhamdulillah matokeo yake ni mazuri. Ukoo mzima ulikuwa umekwisha kumvisha koti la udaktari. Sasa binti asema hataki udaktari wala ufamasia. Ataka kujifunza, kwa maneno ya baba yake, "kazi ya kubandika watu nyaya kichwani".

Baba auliza mambo matatu. Je, hiyo ni taaluma, au ni kibarua tu cha hospitali? Je, yamfaa binti wa Kiislamu, ilhali itamlazimu kushika vichwa vya watu, wakiwemo wanaume? Na ikiwa ni taaluma, husomewa wapi?

Tulidhani tungemjibu kwa aya mbili katika safu ya maswali. Ukurasa wa tatu wa barua ndio uliotubadilisha nia. Humo baba alieleza binti yake ameitoa wapi fikra hiyo, na tulipomaliza kuusoma tuliona kwamba habari hii si ya nyumba moja.

Binti huyo ana mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 8. Tangu alipokuwa na miaka 5 mtoto huyo alikuwa akiduwaa. Haanguki, hatoi povu, hatetemeki. Anakatika tu katikati ya neno, macho yanatazama pasipo kitu, kope zinapepesa kidogo, na baada ya sekunde kumi hivi anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Shuleni mwalimu alimwona mvivu wa kusikiliza, akamchapa. Madrasa, ustadhi alilalamika kwamba mtoto huyu akisoma sura aliyoihifadhi vizuri, ghafla hunyamaza, kisha huibukia aya nyingine kabisa. Bibi yake akasema ni jini. Akasomewa ruqya, akapakwa mafuta ya habasoda kichwani asubuhi na jioni.

Sisi hatuna ugomvi na ruqya wala na habasoda. Ila mtoto aliendelea kuduwaa, na hatimaye wazazi wakampeleka hospitali, akaandikiwa kipimo cha umeme wa ubongo. Alifika huko amelala fofofo usiku kucha, kichwa kikiwa kimejaa mafuta, naye ana hofu na njaa. Nyaya zikabandikwa upesi upesi, mtoto akalia, na baada ya muda mfupi wakaambiwa wamekwisha. Majibu yaliandikwa kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Familia ikarudi nyumbani na hitimisho moja: basi ni utukutu au ni jini. Ilipita miaka miwili.

Kipimo cha pili kilifanyika Dar es Salaam, baada ya shangazi mmoja kushikilia kwamba mtoto apelekwe kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Safari hiyo dada mkubwa ndiye aliyemsindikiza. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, aliyemwosha mtoto nywele, akampima kichwa kwa utepe, akambandika nyaya moja baada ya nyingine huku akimsimulia hadithi ya sungura na fisi. Kisha akampa pangaboi dogo la karatasi na kumwambia alipulize bila kusimama, lisiache kuzunguka. Dakika ya pili haijatimia, pangaboi likasimama. Mtoto ameduwaa. Mama yule akatamka kwa sauti ya kawaida, "nanasi", akaandika kitu kwenye kompyuta. Mtoto alipozinduka akamwuliza, "Nilikwambia neno gani, baba?" Mtoto hakujua kwamba ameambiwa neno lolote.

Na kwenye kioo, katika zile sekunde za kunyamaza, mistari yote iliyokuwa ikienda kwa utulivu ilikuwa imepanda na kushuka kwa pamoja, mara tatu katika kila sekunde, kama meno ya msumeno. Dada aliiona kwa macho yake. Miaka mitatu ya viboko na lawama ilikuwa imeandikwa pale katika mistari, na aliyeiandikisha si daktari, ni yule mama mwenye pangaboi. Hapo ndipo binti alipoamua.

Tulifanya safari yetu wenyewe. Tuliomba ruhusa ya kukaa siku moja katika chumba cha kipimo hiki, katika hospitali moja ya jijini ambayo hatutaitaja kwa kuwa wagonjwa wana haki ya siri zao. Kwa kifupi cha kitaalamu kipimo huitwa EEG, na mwenye kazi hiyo ni mteknolojia wa EEG. Jambo la kwanza alilotuambia mwenyeji wetu, ambaye alianza kazi kama muuguzi, ni kwamba mashine haiingizi umeme wowote kichwani. Karibu kila mzazi humwuliza hilo. Mashine husikiliza tu. Seli za ubongo huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa umeme mdogo sana, na zikizungumza nyingi kwa wakati mmoja, sehemu ya umeme huo hufika juu ya ngozi ya kichwa. Wimbi la maikrovolti 50, ambalo ni la kawaida kabisa, ni sehemu moja kati ya 30,000 ya nguvu ya betri moja ya tochi yenye volti 1.5. Na kipimo hakisomi mawazo ya mtu, wala hakionyeshi jini. Hili nalo huulizwa.

Aliyekuwa wa kwanza kuandika umeme wa ubongo wa mwanadamu ni Hans Berger, daktari wa maradhi ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Alifanya hivyo mwaka 1924, akakaa na matokeo yake miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929, na wengi hawakumwamini. Mwaka 1935 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza mawimbi yale ya mara tatu kwa sekunde kwa wagonjwa wa kuduwaa. Ni mawimbi yale yale aliyoyaona binti wa Tanga.

Msingi wa kazi yenyewe ni utepe wa kupimia, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Mteknolojia hupima kutoka kwenye kibonyeo kilichopo juu ya pua, baina ya macho, kupita utosini hadi kwenye kinundu cha kisogoni. Hupima tena kutoka sikio hadi sikio, kisha huzunguka kichwa. Urefu wowote atakaoupata huugawa kwa asilimia 10 na asilimia 20. Kichwa chenye sentimita 34, kwa mfano, hutiwa alama ya kwanza kwenye sentimita 3.4, na zinazofuata kila baada ya sentimita 6.8. Utaratibu huo ulitangazwa mwaka 1958 katika ripoti iliyoandikwa na Herbert Jasper wa Montreal, na hadi leo dunia nzima huufuata. Faida yake ni kwamba kichwa cha mtoto mchanga na kichwa cha mzee hupata alama mahali palepale pa ubongo, na daktari wa Tanga na wa London wakitaja elektrodi fulani huwa wanazungumzia sehemu moja. Elektrodi ni 21, mbili kati yake huwekwa masikioni. Zenye namba witiri ziko kushoto, zenye namba shufwa ziko kulia.

Alama ikikosewa kwa sentimita mbili upande mmoja, mawimbi ya kushoto na kulia hayatalingana, na daktari anayesoma akiwa chumba kingine, pengine mji mwingine, aweza kudhani upande mmoja wa ubongo una uvimbe. Yeye hakumwona mgonjwa. Anategemea uaminifu wa aliyeshika utepe.

Kisha kila alama husuguliwa taratibu kwa pamba na rojo maalumu ili kuondoa mafuta na ngozi iliyokufa. Hapo ndipo mafuta ya nazi, ya habasoda na ya mgando yanapoharibu kazi, kwa kuwa mafuta huzuia umeme kupita. Mashine hupima ukinzani wa kila elektrodi, na mteknolojia mzuri haanzi mpaka kila moja iwe chini ya kiwango. Mwenyeji wetu hufuata kiwango cha zamani cha kilo-ohmu 5. Mgonjwa mmoja tuliyemwona alichukua dakika 40 kuandaliwa. Kurekodi kwenyewe hakupaswi kupungua dakika 20, na mara nyingi huzidi hapo ili mgonjwa apate kusinzia, kwa maana baadhi ya kasoro hujitokeza usingizini tu.

Mashine huandika kila kitu, kikiwemo kisicho ubongo, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mtu yeyote aliyeko karibu. Jicho la mwanadamu lina umeme wake, hivyo kila anapopepesa, wimbi kubwa huonekana sehemu ya mbele. Akitafuna au akikaza taya, mistari hujaa weusi wa misuli. Akitoka jasho, mistari huyumba polepole kama ngalawa, na katika joto la mwambao wetu hilo si jambo la nadra. Ukiwasha feni, nayo hutikisa nyaya. Umeme wa ukutani huingiza mawimbi yake ya mara 50 kwa sekunde. Hata mshipa wa damu unaopiga chini ya elektrodi huweza kujifanya wimbi la ugonjwa. Mteknolojia aliyesoma huona, husimama, hurekebisha, na huandika pembeni: hapa alikohoa, hapa alifumbua macho, hapa mama alimwita jina. Asiyesoma huacha yote yapite. Mtu hupewa dawa za kifafa kwa miaka kwa sababu ya jasho.

Kuna vichocheo viwili ambavyo mpimaji hutumia kwa makusudi. Kimoja ni mwanga unaomweka kwa kasi mbalimbali mbele ya macho. Kingine ni kupumua kwa nguvu kwa dakika tatu, na ndicho kilichofichua ugonjwa wa yule mtoto. Katika kipimo chake cha kwanza hakuna aliyemwambia apumue hivyo. Lakini hata hili lina elimu yake: mgonjwa wa selimundu, au aliyepata kiharusi karibuni, au mwenye maradhi makubwa ya moyo au mapafu, hafanyishwi zoezi hilo, maana laweza kumdhuru. Katika nchi yenye watoto wengi wa selimundu kama yetu, swali moja lisiloulizwa mlangoni laweza kuleta msiba.

Msomaji asije akadhani kwamba kipimo hiki ndicho hakimu wa mwisho. Wapo wenye kifafa ambao kipimo chao cha kwanza hutoka safi, na wapo wachache wenye afya ambao mawimbi yao yana dosari isiyo na maana. Daktari huanza na maelezo: nani aliona, kilianza vipi, kilichukua muda gani. Siku hizi video fupi ya simu iliyopigwa na mzazi humsaidia sana. Kipimo huja kuunga mkono maelezo hayo na kuonyesha aina ya kifafa, na aina ina uzito wake, kwa kuwa dawa ifaayo kifafa cha aina moja yaweza kuzidisha cha aina nyingine.

Ukubwa wa tatizo waujua Shirika la Afya Duniani, ambalo husema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Sisi Watanzania tuna historia yetu katika jambo hili. Karibu na mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wakila peke yao kwa hofu kwamba mate yao huambukiza, na wenye makovu ya moto kwa sababu walipoangukia mekoni watu waliogopa kuwagusa. Wangapi kati yetu bado huogopa kumshika mtu anapoanguka nje ya msikiti?

Hapa turudi kwenye swali la pili la baba yetu, lililo zito zaidi kwake, na pengine kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu.

Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) habari ya mwanamke mmoja mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba yeye huanguka kifafa, na akianguka mwili wake hufunuka. Akamwomba amwombee. Mtume (s.a.w.) akampa hiari: kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa aponywe. Mwanamke yule alichagua kusubiri, lakini akaomba dua moja, asifunuke. Akaombewa. Masheikh wetu huitaja habari hii wanapozungumzia subira, nayo ni sawa. Sisi tuliisoma upya baada ya kutoka katika kile chumba, tukaona lile ombi lake la pili. Mama yule aliyekubali kubaki na maradhi yake hakukubali kubaki bila stara.

Katika kipimo hiki, mwanamke huvuliwa hijabu, nywele zake hutenganishwa vidole kwa vidole, naye hulazwa na kuombwa asinzie. Pengine akapatwa na kifafa pale pale kitandani. Ni nani tungetaka asimame kando yake? Wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura ya matibabu huruhusu yale ambayo bila dharura yasingeruhusiwa, kwa kiasi cha haja tu, na kwamba mwanamke kumhudumia mwanamke mwenzake hutangulizwa panapowezekana. Lakini patawezekana vipi ikiwa kila baba atamzuia binti yake kujifunza? Mama mmoja tuliyemkuta kwenye benchi alitueleza kwamba aliahirisha kipimo cha binti yake wa miaka 16 mara mbili kwa sababu siku hizo aliyekuwapo zamu ni mpimaji wa kiume. Binti aliendelea kuanguka kwa miezi mingine minne. Hatumlaumu mama huyo, wala hatumlaumu yule mpimaji, ambaye tulimwona kuwa mtu mwenye adabu.

Kuhusu wagonjwa wa kiume, ni kweli, binti atawapima pia. Tulichokiona ni kwamba kazi hufanyika kwa glavu, mlango hauna kufuli, na msindikizaji wa mgonjwa hukaa humo humo. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa siku ile walikuwa watoto. Mwenyeji wetu huvaa hijabu yake kwa pini, mikono ya nguo ikiwa imekunjwa hadi kwenye kiwiko wakati wa kazi kwa sababu ya usafi, na husali Adhuhuri katika chumba cha kuhifadhia vifaa. Kuhusu mikono hiyo tulizungumza naye kwa urefu; huvaa mikono ya plastiki ya kutupwa anapompima mwanamume. Ni jambo dogo, lakini tunajua mabinti walioacha kozi za afya kwa ajili yake, na vyuo vingelizungumza mapema kuliko kuliacha mpaka siku ya mafunzo ya vitendo.

Sasa swali la masomo. Ziko nchi ambazo hii ni shahada kamili. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban hufundisha shahada ya miaka minne ya teknolojia ya kliniki, ambamo mwanafunzi huweza kuchagua fani ya neva na ubongo, na mhitimu husajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo. Uingereza ipo shahada ya miaka mitatu ya sayansi ya afya katika fani hiyo hiyo. Marekani wengi hupitia vyuo vya kati na mafunzo hospitalini, kisha hufanya mtihani wa bodi iitwayo ABRET, ambao hauwezi kuukalia kabla ya kuthibitisha kwamba umefanya vipimo vya kutosha kwa mikono yako. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho huendesha kozi ya EEG kwa njia ya intaneti. Lakini hiyo hujenga zaidi jicho la kusoma mawimbi, na utepe haufundishiki kwa intaneti.

Kwa binti aliye Tanga leo na asiye na ada ya kwenda Durban, ushauri wetu ni huu, na tumeupata kwa watu wa kazi. Achukue kwanza taaluma ya afya inayotambulika hapa nchini: uuguzi, utabibu, au ufundi wa vifaa tiba, ambao hufundishwa katika ngazi ya stashahada pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ahakikishe chuo na kozi vimo katika orodha ya NACTVET, au ya TCU ikiwa ni shahada. Akishaingia kazini, aombe kuelekezwa kwenye kitengo cha mishipa ya fahamu, ajifunze chini ya mtu aliyebobea, na hapo ndipo kozi za nje na ufadhili hufunguka, maana wafadhili hupenda mtu ambaye tayari ana mahali pa kurudi. Njia ni ndefu. Ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba binti hatakuwa na ujuzi wa mashine moja tu. Hospitali zenye kipimo hiki si nyingi, na asiye na taaluma ya pili aweza kukaa nyumbani akisubiri nafasi.

Na ajihadhari na vyeti vya wiki mbili. Anayeuza mashine huwa na haki ya kufundisha jinsi ya kuiwasha. Kumtambua mtoto anayepatwa na kifafa kimyakimya mbele yako ni elimu nyingine, na huhitaji mamia ya vichwa chini ya usimamizi. Huhitaji anatomia ya ubongo, fizikia ya umeme, mabadiliko ya mawimbi tangu uchanga hadi uzee, athari za dawa, hatua za usingizi, na huduma ya kwanza kwa anayeanguka. Binti wa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia ana pa kuanzia.

Baba aliuliza kama ni kibarua. Tulimwuliza mwenyeji wetu swali hilo hilo, akatupeleka, badala ya kujibu, hadi mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi. Akatueleza kwamba humo hulala watu waliopoteza fahamu, wametulia kabisa, hakuna kiungo kinachotikisika, ilhali ubongo wao umo katika kifafa mfululizo ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona. Ni EEG pekee huonyesha. Yeye huitwa hata usiku wa manane. Watoto wachanga waliozaliwa wakiwa wamekosa hewa nao ni hivyo hivyo. Kifafa chao huweza kuwa ni kupepesa macho tu, au kufyonza midomo.

Jambo moja lilitupendeza. Mama wa mgonjwa alimshika mkono na kumsihi amwambie alichokiona. Alijibu, "Shikamoo mama, mimi kazi yangu ni kuandika kwa ukweli, daktari ndiye atakayekusomea." Mama hakufurahi. Lakini huo ndio mpaka wa taaluma, na mpimaji anayetoa majibu kwenye korido, hata kwa huruma, huweza kuivunja familia kwa neno lisilothibitishwa.

Kwa wazazi wenye miadi ya kipimo hiki, tuliombwa tufikishe maneno machache. Mtoto aoshwe nywele kwa shampuu usiku uliotangulia au asubuhi yake, na asipakwe kitu chochote. Misuko na nywele za bandia zifumuliwe nyumbani, si kwenye benchi la hospitali. Hina haina tatizo. Mgonjwa ale kama kawaida, kwa kuwa njaa hubadilisha mawimbi. Ikiwa ni Ramadhani, zungumzeni na daktari ili miadi ipangwe ipasavyo, na mtoto asiyelazimika kufunga asifungishwe siku hiyo. Ikiwa mmeambiwa apunguze usingizi, fuateni saa mlizopewa, wala msimwache alale garini. Dawa za kifafa zisikatizwe bila agizo la daktari. Rojo linalobaki kichwani hutoka kwa maji ya uvuguvugu. Lisafishwe vizuri kabla ya kutia udhu au kuoga janaba, kwa kuwa likikauka huzuia maji kufika.

Tulimpigia simu baba wa Tanga kumwomba idhini ya kuandika habari zake. Alikubali kwa sharti la kutotaja jina wala mtaa. Mtoto, alisema, yuko kwenye dawa iliyo sahihi kwa mwezi wa saba sasa, na ustadhi amemrudisha kwenye darasa la wenzake. Kuhusu binti, bado wanazungumza. Mama yake ameunga mkono, bibi bado. Kisha akampa simu binti mwenyewe. Hakutuuliza kuhusu ada wala mshahara. Alitaka kujua kama yule mama tuliyemtembelea hupima vichwa akiwa amesimama au ameketi, kwa sababu amekuwa akijaribu kwa utepe wa fundi cherehani kwenye kichwa cha mdogo wake, na mstari wa kisogoni humkataa. Tulimwambia husimama, nyuma ya kiti, na mgonjwa hutazama mbele.